Barua ya kwenda na barua ya kurudi: mwongozo kwa madaktari wanaotibu tezi ya shingo

Mama wa miaka 52 aliingia kliniki yangu amejifunika kanga mbili juu ya sweta, na nje jua la saa saba linachoma. Uso ulikuwa umevimba, sauti imekwaruza, mapigo ya moyo 50 kwa dakika. Nilipomuuliza dawa anazotumia hakujibu kwa mdomo. Alitoa bahasha ya kaki kwenye mkoba akaimwaga mezani: karatasi za hospitali nne. Miezi minne nyuma alikuwa amepewa ayodini ya mionzi kwa sababu tezi yake ilikuwa inazalisha homoni kupita kiasi, na tiba ile ilifanya kazi vizuri. Wiki saba baadaye akapima damu karibu na nyumbani. TSH (homoni ya ubongo inayoiamuru tezi, ambayo hushuka tezi ikizalisha kupita kiasi) ikasoma chini ya 0.01, FT4 (homoni ya tezi yenyewe kwenye damu) haikupimwa, na daktari aliyemwona, ambaye hakuwa na habari ya mionzi, akamrudishia kabimazoli, dawa ya kushusha homoni za tezi. Tezi iliyokuwa inazimika taratibu ikawekewa dawa ya kuizima zaidi.

Barua iliyoeleza hayo yote ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya bahasha ile ile, imekunjwa mara nne, bado imefungwa kwa stepla, kwa sababu nje ilikuwa imeandikwa "Kwa daktari anayehusika" na mama wa watu hakujua anayehusika ni yupi kati yetu.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya bahasha ile. Ni kwa matabibu wa vituo vya afya, madaktari wa wilaya, mabingwa wa magonjwa ya ndani, wapasuaji, watu wa usingizi, maabara, mionzi, na wakunga pia. Mifano yangu ni ya Tanzania kwa kuwa ndiko ninakofanyia kazi, lakini daktari wa Kakamega au Bujumbura ataitambua bahasha hiyo mara moja.

Tezi ya shingo (dundumio kwenye vitabu, thairoidi wodini) inapotea njiani kwa urahisi kuliko magonjwa mengi. Tiba yake ni ndefu: vidonge vya kabimazoli kwa ugonjwa wa Graves (kinga ya mwili inapoichochea tezi izalishe homoni kupita kiasi) huliwa miezi 12 hadi 18, na mtu aliyetolewa tezi yote atameza levothairoksini, homoni ya tezi ya kidonge, maisha yake yote. Mikono ni mingi. Dalili zenyewe zinafanana na za magonjwa tuliyozoea kuyaona kila siku, kwa hiyo anayekonda na kutokwa jasho usiku anapimwa kifua kikuu, na mwenye moyo kwenda mbio anaambiwa ni wasiwasi. Kisha kuna TSH, kipimo tunachokitegemea kuliko vyote, ambacho huchelewa kusema ukweli. Mtu aliyekaa muda mrefu na homoni nyingi anaweza kubaki na TSH iliyolala kwa wiki nyingi, hata miezi, baada ya homoni kushuka. Asiyejua mgonjwa alitokea wapi ataisoma namba hiyo vibaya hata kama amebobea.

Hatua ya 1: Mgonjwa awe na daktari mmoja anayebeba faili

Kabla ya kurekebisha barua, kubalianeni nani ni mwenye mgonjwa. Namaanisha daktari mmoja, kwa jina, ambaye majibu yote yanamfikia na ndiye anayeamua dozi ipande au ishuke. Wengine wote, hata wakiwa wakubwa wake kwa cheo, wanamshauri na kumsaidia.

Mara nyingi anayefaa ni daktari wa karibu na nyumbani kwa mgonjwa, kwa sababu ndiye atakayemwona kila baada ya wiki sita. Bingwa wa hospitali ya rufaa anaweza kumwona mara mbili kwa mwaka. Nimeona mabingwa wakishikilia wagonjwa wote wenyewe, na nia ilikuwa njema, ila mgonjwa wa Tunduru hawezi kupanda basi kila mwezi na nusu kwa ajili ya kuongezewa mikrogramu 25. Atakosa miadi moja, dawa itaisha, ataanza upya.

Andikeni jina hilo ukurasa wa kwanza wa daftari la mgonjwa, pamoja na namba ya simu ya kituo. Daktari huyo akihama, na madaktari wa wilaya wanahamishwa sana, kabla hajaondoka ataje nani anapokea. Hilo liwe sehemu ya makabidhiano yake kama anavyokabidhi funguo za ofisi.

Hatua ya 2: Barua ya rufaa iwe na swali

Barua ninayoipokea mara nyingi kuliko zote inasema hivi: "Uvimbe shingoni. Tafadhali msaidie." Sina la kufanya nayo. Naanza upya na mgonjwa, narudia vipimo alivyokwisha kuvilipia kwa fedha aliyoipata kwa kuuza mahindi, na wiki tatu zinapotea.

Barua nzuri haihitaji kuwa ndefu. Inahitaji umri na hali ya mgonjwa, namba zenye tarehe, dawa na siku zilipoanza, mambo ya mimba, na mwisho swali pamoja na ahadi ya nani atafanya nini wakati jibu linasubiriwa. Iwe kama hii:

"Dokta, nakuletea mwanamke wa miaka 34, mwalimu, mwenye rovu (uvimbe wa tezi ya shingo) aliloligundua miezi minane iliyopita. Amepungua kilo 9, mikono inatetemeka, mapigo 118 akiwa amepumzika, yanakwenda kwa mpangilio. Macho yametokeza kidogo, haoni kitu kimoja kama viwili. Tezi imekuwa kubwa pande zote mbili, haimzuii kupumua wala kumeza. Damu ya tarehe 3 Machi, maabara yetu: TSH chini ya 0.01 mIU/L (kawaida 0.4 hadi 4.0), FT4 58 pmol/L (kawaida 12 hadi 22). Picha kamili ya damu na vipimo vya ini kabla ya dawa ni vya kawaida. Kipimo cha mimba ni hasi, hanyonyeshi, anatumia sindano ya uzazi wa mpango. Hana pumu. Tangu tarehe 5 Machi anameza kabimazoli miligramu 30 kwa siku na propranololi miligramu 40 mara tatu. Swali langu: ukizingatia macho yake, aendelee na vidonge au afikiriwe mionzi? Mpaka utakaponijibu, dawa naandika mimi. Miadi yake kwangu ni tarehe 16 Aprili."

Angalia neno "hana pumu". Ni maneno mawili tu, lakini yanamwambia anayepokea kwamba aliyeandika alifikiria kabla ya kutoa propranololi, dawa ya kutuliza moyo inayoweza kumbana pumzi mwenye pumu, na yanamwondolea kazi ya kuuliza. Na swali la mwisho limebeba sababu yake ndani: ayodini ya mionzi inaweza kuzidisha ugonjwa wa macho, kwa hiyo bingwa akisoma tu anajua aanze kuangalia wapi.

Jina la dawa liandikwe kama lilivyo kwenye boksi, kwa herufi zinazosomeka. Usiandike "dawa ya tezi". Kuna dawa za tezi za kushusha na kuna za kupandisha, na mgonjwa mmoja ameshawahi kuja kwangu na zote mbili, kila moja kutoka duka lake.

Hatua ya 3: Namba isisafiri bila kizio chake

Daktari kijana mmoja alinipigia simu akiwa na hofu. Mgonjwa wake alikuwa na FT4 ya 30 mwezi uliopita, leo amepima kwingine imekuwa 1.6. Alidhani homoni imeporomoka karibu na sifuri, akasimamisha kabimazoli. Nikamwomba asome herufi ndogo zilizo pembeni ya namba. Ya kwanza ilikuwa pmol/L, ya pili ng/dL. Ukizidisha 1.6 kwa 12.87 unapata karibu 20.6 pmol/L. Homoni ilikuwa imeshuka vizuri na kuingia ndani ya kiwango cha kawaida. Dawa ilikuwa inafanya kazi yake, na yeye akaisimamisha.

Kwa hiyo kila majibu unayoyanakili yaende na kizio, kiwango cha kawaida cha maabara hiyo, jina la maabara na tarehe damu ilipotolewa. Ikiwezekana mgonjwa apimie sehemu moja kila mara, hata kama si ya bei rahisi kuliko zote. Piga picha karatasi halisi ya majibu. Namba iliyonakiliwa kwa mkono mara tatu haiaminiki.

Mwambie mtu wa maabara unachokitafuta, kwa sababu anaweza kukuokoa. Ukiandika kwenye fomu "anatumia kabimazoli wiki ya 6" na majibu yakatoka ya ajabu, atarudia kabla ya kuyatoa. Na uliza kuhusu vidonge vya kukuza nywele na kucha. Vingi vina bayotini, na mashine nyingi za kupimia homoni hutumia bayotini katika utendaji wake. Mtu anayemeza kwa wingi anaweza kupata TSH ya chini na FT4 ya juu kwenye karatasi, ilhali tezi yake haina tatizo lolote. Aviache angalau siku mbili kabla ya kupima. Dada zetu mjini wanavitumia sana, na hakuna anayevitaja akiulizwa "unatumia dawa gani", kwa sababu kwake hizo si dawa.

Kwa watu wa ultrasaundi na wale wanaosoma seli kwa hadubini, ombi langu ni fupi. Uvimbe uandikwe uko upande gani, vipimo vitatu kwa milimita, na daraja la TI-RADS, yaani mpangilio wa kupima hatari ya saratani kwa ultrasaundi. Majibu ya sindano ya seli yaandikwe kwa daraja la Bethesda, mpangilio wa aina hiyo kwa seli, la kwanza hadi la sita. Sentensi nzuri zisizo na daraja zinamwacha mpasuaji akibahatisha. Na sisi tunaowatumia mgonjwa tuwape TSH kabla hawajachoma sindano, kwa kuwa TSH iliyolala inaweza kumaanisha uvimbe wenyewe ndio unaozalisha homoni, na uvimbe wa namna hiyo ni nadra kuwa saratani.

Hatua ya 4: Maneno ya homa juu ya jalada

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa watu hufa.

Kabimazoli na mwenzake propilithiourasili, kwa wagonjwa wachache, huweza kuangusha ghafla chembe nyeupe za damu. Dalili yake ni homa na vidonda vya koo, mara nyingi ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Sasa fikiria inavyokuwa kwetu. Mtu ana homa, anakwenda zahanati, anapimwa malaria kwa kipimo cha haraka. Kikiwa chanya anapewa dawa mseto na kurudi nyumbani. Kikiwa hasi anapewa amoksilini na panado. Kote kuwili anaendelea kumeza kabimazoli, kwa sababu tabibu wa zahanati hakuambiwa na mtu kwamba anaimeza. Na hata kipimo kikiwa chanya, malaria haizuii chembe nyeupe kuanguka siku hiyo hiyo.

Barua kati ya bingwa na bingwa haifiki zahanati. Anayefika ni mgonjwa. Kwa hiyo ujumbe apewe yeye aubebe, kwa Kiswahili, umebandikwa juu ya jalada la daftari pale ambapo muuguzi ataona kabla hajafungua:

"Ninameza kabimazoli. Nikiwa na homa au vidonda vya koo, nisimeze tena mpaka nipimwe picha kamili ya damu siku hiyo hiyo. Hata kama malaria imeonekana. Pigeni namba hii."

Tunachapa karatasi hizo kwa printa ya kliniki na kuzibandika kwa gundi. Mgonjwa asomewe kwa sauti kisha arudie kwa maneno yake. Asiyejua kusoma aje na ndugu. Siku nilipomsikia mzee mmoja akimweleza mkwewe nje ya mlango, "ukiniona na homa usininunulie dawa dukani, nipeleke nikatolewe damu," nilijua ujumbe umefika mahali pake.

Kwenu matabibu wa zahanati: mkimkuta mtu wa namna hii na hamna mashine ya picha ya damu, simamisheni dawa, mpigie aliyeandikwa, mpelekeni mbele leo. Hamtaonekana mmewasumbua watu.

Hatua ya 5: Kabla na baada ya kisu

Mpasuaji, daktari wa ndani na mtu wa usingizi wakae pamoja, au wawe kwenye simu moja, angalau wiki mbili kabla ya tarehe. Mkutano wa dakika kumi unatosha. Mtu wa ndani aseme wazi kama homoni imetulia, kwa namba za FT4, na kama haijatulia aseme tarehe isogezwe. Kumpasua mtu mwenye homoni ya juu ni kumhatarisha kuingia katika ile hali ya dharura ya homa kali, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Mtu wa usingizi aelezwe kama rovu linabana koromeo, na kama mgonjwa hupumua kwa shida akilala chali. Mpasuaji aandike sauti ilikuwaje kabla, ili ikibadilika baada ya upasuaji kila mtu ajue ilianza lini. Propranololi imezwe hata asubuhi ya upasuaji. Nimekuta ikikatwa kwa sababu "mgonjwa hali kitu", na pale mawasiliano ya wodi na theatre ndiyo yaliyokosekana.

Barua ya kutoka hospitali ndiyo huwa dhaifu. Ijibu haya hata kama huna muda wa kuandika kingine: ametolewa tezi yote au upande mmoja? Kabimazoli imesimamishwa? Levothairoksini imeanza lini, kiasi gani, na nani atapima TSH baada ya wiki sita hadi nane? Kalsiamu ilikuwa ngapi siku iliyofuata? Majibu ya nyama iliyopelekwa maabara yatamfikia nani?

Swali la kalsiamu si la mapambo. Vijitezi vinne vidogo nyuma ya dundumio vinaweza kuguswa wakati wa upasuaji, na ganzi ya midomo na vidole au mikazo ya misuli hujitokeza siku ya pili au ya tatu, pengine mgonjwa akiwa amesharudi kijijini. Daktari wa kule asipojua kwamba kalsiamu ilikuwa chini tangu mwanzo, anaweza kuiona mikazo hiyo akafikiri ni kifafa.

Hatua ya 6: Mgonjwa anayekwenda mionzi

Wengi wetu tunawapeleka Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Jina la taasisi peke yake linawatisha watu, kwa hiyo mawasiliano ya kwanza ni kumweleza mgonjwa kwamba anakwenda kwa ajili ya tezi na kwamba hii haina maana ana saratani. Wapo waliokatisha safari kwa hofu hiyo.

Barua ya kwenda itaje mara ya mwisho alipomeza kabimazoli, hali ya macho, mimba na kunyonyesha, amiodaroni kama anaitumia kwa ajili ya moyo, na kama amepigwa picha ya CT yenye dawa ya mshipani ndani ya miezi miwili iliyopita. Amiodaroni na dawa ile ya CT zina ayodini nyingi. Tezi ikishashiba hiyo, haitaichukua ya mionzi, na safari yote itakuwa bure. Hili linakwama mara nyingi kwa sababu aliyeomba CT ya tumbo ni daktari mwingine kabisa, kwa tatizo jingine.

Barua ya kurudi, ambayo ndiyo ilinileta hapa, iandikwe kwa jina la daktari mwenye faili, na nakala apewe mgonjwa ikiwa wazi. Itaje tarehe, kiasi kwa MBq au mCi (vizio vya mionzi; 1 mCi ni 37 MBq), na iseme kwa maneno haya au yanayofanana nayo: "Mpime FT4 na TSH pamoja kuanzia wiki ya 4 hadi ya 6, kisha kila baada ya wiki 4 hadi 6. TSH inaweza kubaki chini kwa miezi, msiitumie peke yake. FT4 ikishuka chini ya kawaida, anzeni levothairoksini. Asishike mimba kwa miezi 6." Mama yule wa kanga mbili angeokolewa na mistari hiyo kama barua ingefunguliwa.

Hatua ya 7: Kliniki nyingine anazohudhuria

Daktari wa tezi hayuko peke yake na mgonjwa huyu, ingawa tunajisahau.

Kliniki ya wajawazito ndiyo ya kwanza. Mkunga humpa mama vidonge vya madini chuma na foliki asidi, kama anavyotakiwa. Mama huyo huyo anameza levothairoksini asubuhi. Akivimeza pamoja, chuma kinashika dawa tumboni na haiingii vizuri kwenye damu. Kila mmoja wetu amefanya sawa na mtoto ndiye anayekosa homoni. Dawa: levothairoksini alfajiri kwa maji matupu, chuma saa nne zikishapita tangu ameze, na iandikwe kwenye kadi ya kliniki ya mama kwa mkono wa yeyote aliyegundua kwanza. Mama anayetumia levothairoksini akijua tu ana mimba huhitaji kuongezewa dozi mapema, kwa kawaida asilimia 25 hadi 30, hivyo mkunga asisubiri miadi ya bingwa, apige simu. Na aliye kwenye kabimazoli akikosa siku zake, simu ipigwe siku hiyo, kwa sababu dawa hiyo inaweza kudhuru mtoto aliye tumboni katika wiki za mwanzo za mimba na mara nyingi hubadilishwa kuwa propilithiourasili. Daktari wa watoto aambiwe kabla ya kujifungua ikiwa mama ana Graves, hata kama aliwahi kutolewa tezi zamani, kwani kingamwili za mama hupita kwenda kwa mtoto.

Kliniki ya kifua kikuu ni ya pili. Rifampisini huharakisha mwili kuivunja levothairoksini, na dozi iliyokuwa inatosha huanza kupungukiwa. Muuguzi wa TB akikuta levothairoksini kwenye orodha, atume ujumbe. Dawa za TB zikiisha, ujumbe wa pili, maana dozi itabidi ishuke tena.

Na CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU. Graves inaweza kuibuka mwaka mmoja au zaidi baada ya mtu kuanza dawa za kufubaza virusi, kinga inapojijenga upya. Anayepungua uzito wakati virusi havionekani na CD4 (chembe za kinga) inapanda, kabla ya kumwuliza kama anaruka dozi, mpimeni TSH.

Hatua ya 8: Simu

Kikwazo kikubwa cha simu kwetu ni heshima iliyopitiliza. Tabibu wa kituo anamwona mtu anatetemeka, joto 39.5, mapigo 160, anaongea maneno yasiyoeleweka, na bado anasita kumpigia bingwa saa nane usiku. Mabingwa, hili ni letu kuliondoa. Waambieni kwenye kikao, mbele ya watu, kwamba simu ya dharura ya tezi haina saa, kisha siku ikipigwa mpokee kwa sauti inayolingana na ahadi hiyo.

Anayepiga aseme kwa mpangilio, aweke mgonjwa mbele ya salamu ndefu:

"Shikamoo Dokta. Ni tabibu wa kituo cha afya, nina dharura ya tezi. Mwanamke miaka 40, aliacha kabimazoli wiki tatu zilizopita. Joto 39.5, mapigo 160, presha 150 kwa 60, amechanganyikiwa. Nimempa maji, panado na oksijeni. Nina kabimazoli, propranololi na haidrokotisoni. Naomba kujua nianze na nini, na gari liondoke saa ngapi."

"Marahaba. Nirudie nilichokisikia."

Kurudia huko ndiko kunakookoa. Kwa mfano mpangilio wa dawa: kabimazoli au propilithiourasili hutangulia, na matone ya Lugol, yenye ayodini, hufuata angalau saa moja baadaye. Ukiyageuza, unaweza kuipa tezi malighafi ya kutengeneza homoni zaidi. Aliyepokea maagizo ayarudie kwa sauti, aliyetoa aseme "sawasawa", na wote wawili waandike muda kwenye faili.

Makundi ya WhatsApp ya madaktari yanasaidia sana, sipingi. Lakini majibu ya kundini yanazama. Ushauri wowote uliofuatwa unakiliwe kwenye daftari la mgonjwa na jina la aliyeutoa. Picha zisiwe na jina, namba ya faili wala uso; picha ya macho ya Graves inaweza kukatwa ibaki macho tu, na mgonjwa aombwe ruhusa kwanza. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019, na taarifa za afya ya mtu zimo ndani.

Hatua ya 9: Daftari la rufaa

Nunueni daftari la kaunta, pigeni mistari ya safu tano: jina la mgonjwa, ametumwa kwa nani, tarehe ya barua ya kwenda, swali lililoulizwa, tarehe ya barua ya kurudi. Daftari lifungiwe kabatini. Kila Ijumaa mchana mtu mmoja, kwetu ni muuguzi wa kliniki, anapitisha kidole kwenye safu ya tano. Penye tupu kwa zaidi ya wiki nne, anapiga simu mbili: moja kwa mgonjwa, moja kwa alikotumwa.

Mwezi wa kwanza tulipoanza, safu ya tano ilikuwa na nafasi tupu nyingi mno. Wengine hawakuwa wamekwenda kabisa kwa kukosa nauli. Wengine walikwenda na kurudi, barua ikabaki nyumbani chini ya godoro. Mmoja alikuwa amefanyiwa upasuaji na kuruhusiwa bila levothairoksini, na muuguzi alimpata kwa simu akiwa ameshaanza kuchoka na kusinzia mchana. Alianza dawa wiki ile ile.

Mara moja kila miezi mitatu, wale wanaoonekana mara nyingi kwenye safu ya pili tunawaalika kwa simu ya video, nusu saa, tukipitia wagonjwa watatu ambao mambo hayakwenda sawa. Hatutafuti wa kulaumiwa. Tunauliza barua ilikwama wapi, na mwenye kuijua anasema.

Mstari wa mama wa kanga mbili uko ukurasa wa sita. Kabimazoli tuliisimamisha siku ile ile, levothairoksini ikaanza kwa kiasi kidogo kwa kuwa tulihofia moyo, ikapandishwa taratibu. Barua ya kurudi kwa daktari wa wilaya yake niliiandika kwa jina lake, sikuifunga, na nilimtumia picha ya barua hiyo kwa simu kabla mama hajafika stendi. Alinijibu: "Nimeipata Dokta, wiki ya sita nampima mimi." Tarehe ya barua hiyo imeandikwa kwenye safu ya tano.